Uvae herufi ipi? Nafasi saba za netiboli, ubavu kwa ubavu

Mazoezi ya kwanza huwa hivi: vizibao saba vyenye herufi za nafasi vimerundikwa chini, kocha anawatazama mliopanga mstari, kisha anaanza kugawa. Mrefu kuliko wote anarushiwa GS (mfungaji) au GK (mlinda goli). Mwenye mbio anapewa C (mchezaji wa kati). Yule ambaye hakuna aliyemtazama vizuri anaokota kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni WD (winga wa ulinzi). Mimi nilipewa GK kwa sababu hiyohiyo ya kichwa kuonekana juu ya vichwa vingine, na katika robo ya kwanza ya mechi yangu ya kwanza nilipigiwa filimbi mara nyingi kuliko nilivyougusa mpira.

Kimo kina kazi yake, sikatai. Ila kinapewa uzito kupita kiasi. Baada ya kupitia vizibao vinne tofauti nimebaki na kigezo kimoja ninachokiamini: kila nafasi katika mpira wa pete ina filimbi yake, yaani kosa ambalo mwenye nafasi hiyo huchungulia ukingoni mwake muda wote wa mchezo. Ukitaka kuchagua, usianze kujiuliza unapenda kufanya nini. Jiulize ni katazo gani unaweza kukaa nalo dakika 60 bila kukasirika.

Makatazo yenyewe, na yalikotoka

Uwanja una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, umegawanywa theluthi tatu. Kila upande kuna nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 4.9, na nguzo iliyobeba pete kwa kimo cha mita 3.05. Nyuma ya pete hakuna ubao, kwa hiyo mpira uliokosea haukusamehe kama kwenye kikapu. Mechi ni robo nne za dakika 15.

Ukishaudaka mpira una sekunde 3 tu. Kukimbia huku unaudunda hakuna. Mguu uliotua kwanza unaweza kuunyanyua, lakini mpira uwe umekutoka mkononi kabla mguu huo haujarudi chini. Anayetaka kukunyooshea mikono akuzuie lazima awe mita 0.9 kutoka ulipotua mguu wako. Kumgusa mpinzani hata ukamvuruga ni kosa. Mpira hauvuki theluthi nzima bila kuguswa na mtu ndani yake. Na kila herufi ina mipaka yake: ukiivuka, hata kama huna mpira, umeotea.

Watu wa mpira wa kikapu huona hizi ni pingu. Kwa kweli zina umri karibu sawa na kikapu chenyewe. James Naismith alibuni kikapu huko Springfield, Marekani, mwaka 1891. Mwaka uliofuata Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, aliubadilisha kwa ajili ya wanafunzi wake: akagawa uwanja sehemu tatu, akakataza kunyang'anyana mpira mikononi, akaweka kikomo cha sekunde 3. Huko Uingereza mchezo ulikulia katika chuo cha Martina Bergman-Österberg, vikapu vikawa pete, na sheria za kwanza zikachapishwa mwaka 1901. Idadi ya wachezaji haikutulia kwa muda mrefu. New Zealand, kwa mfano, walicheza tisa kila upande kwa miaka mingi, na wao pamoja na Australia waliendelea kuuita mchezo huu kikapu hadi mwaka 1970. Mwaka 1960 wawakilishi wa nchi kadhaa walikutana Colombo, Sri Lanka, wakaanzisha shirikisho la kimataifa na kukubaliana juu ya wachezaji saba. Ndio saba unaochagua kati yao leo:

| Herufi | Anaruhusiwa wapi | Anakabana na |
|---|---|---|
| GS | theluthi ya kushambulia, na duara lake | GK |
| GA (mfungaji anayeshambulia) | ya kushambulia na ya kati, na duara | GD |
| WA (winga wa kushambulia) | ya kushambulia na ya kati, duara hapana | WD |
| C | uwanja wote isipokuwa maduara mawili | C |
| WD | ya kati na ya ulinzi, duara hapana | WA |
| GD (mlinzi wa goli anayetoka mbele) | ya kati na ya ulinzi, na duara | GA |
| GK | theluthi ya ulinzi, na duara lake | GS |

GS au GA

Hawa wawili ndio pekee wanaoruhusiwa kufunga, tena lazima wawe ndani ya duara. Kila goli ni pointi 1, hata ufunge chini ya pete au ukingoni. Ligi ya Australia imeweka goli la pointi 2 la kutoka mbali tangu 2020, lakini mechi za mataifa zimebaki na moja. Jambo hili lina maana kubwa kwa mwenye kuchagua: hakuna zawadi ya kujaribu vitu vigumu. Kazi ya mfungaji ni kusogea karibu na kutokosa.

GS anasubiri. Mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja yeye yuko palepale, bega kwa bega na GK, wanasukumana kimyakimya kugombea kipande cha ardhi kisichozidi meza. Anachofanya GS mzuri ni kumweka mlinzi mgongoni, kuganda, na kuinua mkono mmoja kuonyesha wenzake mpira utue wapi. Jhaniele Fowler wa Jamaika, mwenye kimo cha mita 1.98, ameifanya kazi hiyo kuwa kama kuchuma embe: pasi inapita juu ya kila mtu, anaidaka, anageuka, anafunga. Mary Nuba Cholhok wa Uganda anacheza kwa mtindo huohuo.

Hapo ndipo watu wanapodhani mjadala umekwisha na warefu wameshinda. Lakini mtazame Mwai Kumwenda wa Malawi, aliyetwaa ubingwa wa ligi ya Australia na Melbourne Vixens mwaka 2020. Yeye hagandi. Anamvuta mlinzi huku, anachomoka kule, anaruka na kuudaka mpira hewani mahali ambapo sekunde moja nyuma hapakuwa na mtu. Nafasi ileile, kazi mbili tofauti.

Filimbi ya GS ni ya kugusana. Ukimweka mtu mgongoni utamwegemea, na mwamuzi anakusubiri umsukume kwa nyonga. Pia iko filimbi ya hatua, kwa sababu mpira wa juu unakufanya utue vibaya, kisigino kinaangukia karibu na mstari wa mwisho na mwili unataka kuongeza hatua ya kujisawazisha. Mwili unakudanganya, ukiongeza hatua, mpira ni wa wenzao.

Kisha kuna kufunga kwenyewe, jambo ambalo mtazamaji haoni ugumu wake. Mpira uko juu ya kichwa, umekaa kwenye vidole na si kiganjani. Magoti yanakunjika kidogo. Mbele yako GK amesimama kwa mguu mmoja nje ya mita 0.9, ameuinamisha mwili wote kama mti unaoanguka, ncha za vidole vyake ziko karibu kabisa na mpira. Sekunde ya pili imeshapita. Irene van Dyk, aliyepata medali ya fedha ya dunia na Afrika Kusini mwaka 1995 kisha akawa bingwa wa dunia na New Zealand mwaka 2003, alisifika kwa kuupandisha mpira ule kwa mwendo uleule mmoja, iwe mazoezini au fainali. Kama unakosa goli moja na moyo unakwenda mbio hadi mpira unaofuata, GS itakuumiza.

GA ana kazi mbili kwenye mwili mmoja. Timu yako inapoanza, anasimama nyuma ya mstari wa theluthi ya kati, filimbi inalia, anachomoka kuomba pasi ya kwanza ambayo lazima ipokelewe katika theluthi hiyo ya kati. Akishaipokea na kuitoa anakimbilia msongamano wa watu kwenye duara, akifika na pumzi imemwishia anatakiwa afunge. Filimbi yake ni ya kutangulia: kuvuka mstari nusu hatua kabla ya filimbi ya kuanza. Wenye papara wanalikosea hilo kila mara, hata wakikemewa.

Faida ya GA ni kwamba mchezo unamjia akiwa katika mwendo, na wengine wanafunga vizuri zaidi hivyo. Maria Folau wa New Zealand alikuwa akifunga kutoka ukingoni mwa duara bila wasiwasi. Sharelle McMahon alifunga goli la mwisho la fainali ya dunia ya 1999 huko Christchurch, Australia wakawashinda wenyeji 42–41. Na mwaka 2018, fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast: Uingereza na Australia wako 51–51, saa inaisha, mlinzi anamzuia Helen Housby kinyume cha sheria, filimbi, penalti, inaingia. 52–51. Fainali nzima ilikwenda kwa filimbi moja ya mlinzi, jambo linalotupeleka upande wa pili wa uwanja.

Ushauri wangu kati ya hizi mbili: usimvalishe mtu GA kwa sababu tu ana mbio. Mfungaji mwenye mbio asiye na shabaha anawapa GK na GD likizo, kwa kuwa wote wawili watamwachia yeye na kumbana GS.

GK au GD

Hapa nina kovu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa langu katika mechi ile ya kwanza lilikuwa lilelile kila mara. Mfungaji alidaka mpira, mimi nikainua mikono palepale niliposimama, nusu mita kutoka kwake. Filimbi. Nikarudi nyuma, safari nyingine nikainua mikono huku narudi, kabla sijafika. Filimbi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mlinzi mzuri anashusha mikono kwanza, anahesabu umbali kwa miguu, kisha ndipo anainua. Kwa asiyejua, mkono ndio ulinzi. Kwa anayejua, ulinzi ni miguu.

Adhabu yake ndiyo inayouma. Mwamuzi akikupigia filimbi ya kugusana au ya kuzuia kwa karibu, unasimama kando ya mchezaji uliyemkosea, hushiriki chochote mpaka mpira umtoke mkononi. Ikitokea ndani ya duara, mfungaji anachagua kufunga au kutoa pasi, na wewe umesimama kama kigingi unamtazama. Duarani mnaruhusiwa kulinda watu wawili tu, GK na GD. Mmoja akiwa amesimamishwa, mwenzake yuko peke yake dhidi ya wafungaji wawili. Nilimgharimu GD wangu robo nzima ya namna hiyo, naye hakunisemesha hadi tuliporudi kukaa.

GK anaishi karibu na katazo la mita 0.9 kuliko mtu mwingine yeyote, na hana pa kukimbilia. Theluthi moja ndiyo dunia yake. Anafaa kwa mtu mvumilivu, mwenye kukubali kwamba atazidiwa magoli mengi na kazi yake ni kuyachelewesha mengine machache. Kimo kinasaidia hapa kuliko popote pengine, hasa mpira unapogonga pete na kurudi. Ila hata GK mrefu hufanikiwa kwa kuwahi mahali mpira unapokwenda kabla haujafika. Geva Mentor wa Uingereza alicheza Kombe la Dunia sita, kuanzia 2003 hadi 2023, na mwili hauvumilii miaka 20 kwa kurukaruka tu.

GD ni mwindaji. Anakutana na GA kwenye theluthi ya kati, ana nafasi ya kukisia pasi na kuikata njiani, na filimbi yake ya kawaida ni ya kugusana akiwa mbioni: amekisia sawa, amechelewa kidogo, amempitia mtu begani. Casey Kopua aliwafanyia New Zealand kazi hiyo walipotwaa kombe huko Liverpool mwaka 2019. Ukiwa mtu wa kusoma macho ya anayerusha, na unaweza kukosea mara tatu ili upate mara ya nne, GD ni yako. Ukiwa unapenda uhakika, kaa GK.

Kabla hujaukataa ulinzi kwa kuwa haufungi, fikiria sheria moja ambayo wageni hawaitilii maanani. Katika netiboli pasi ya kuanzia hupokezanwa: safari hii ninyi, safari ijayo wao, haijalishi nani amefunga. Kwa hiyo timu mbili zinazofunga kila pasi yake ya kuanzia zitakwenda sambamba mpaka mwisho. Pengo linafunguka pale tu mtu anapopoteza mpira uliokuwa wake, na wanaoupokonya kwa kawaida ni wenye herufi D na K. Ndiyo maana fainali za dunia zimekuwa zikiamuliwa kwa goli moja mara nyingi: 53–52 mwaka 1991, 42–41 mwaka 1999, 58–57 katika muda wa nyongeza mwaka 2011, 52–51 mwaka 2019. Zote Australia dhidi ya New Zealand. Ya mwisho peke yake ndiyo New Zealand walishinda. Tangu mashindano ya kwanza Eastbourne mwaka 1963 Australia wamebeba kombe mara 12 na New Zealand mara 5, ikiwemo 1979 walipolichangia pamoja na Trinidad na Tobago. Mwaka 2023 lilipochezwa Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Cape Town, Australia waliwafunga Uingereza 61–45, na Uganda wakamaliza wa tano, mbele ya wenyeji Afrika Kusini.

C, WA, na yule aliyeokota kilichobaki

C sitamwongelea sana, kwa sababu anayefaa C kwa kawaida anajijua. Anakwenda kila mahali isipokuwa kwenye maduara, anaanzisha mchezo kutoka kijiduara cha katikati, anakimbia kuliko wote. Filimbi yake ni ya kidole cha mguu: amekimbia, amefunga breki ukingoni mwa duara, ncha ya kiatu imegusa mstari. Mfano wa kumtazama ni Laura Langman, nahodha wa New Zealand wa 2019. Usitazame mbio zake, tazama jinsi alivyokuwa akisimama. C asiyejua kusimama hana tofauti na mpita njia.

WA ni jicho. Kazi yake ni pasi ya mwisho kwa wafungaji, kutoka ukingoni mwa duara ambalo haruhusiwi kuliingia, huku WD akimnyooshea mikono usoni. Sekunde 3 ndizo zinazomnyonga. Anamwona GS amekabwa, anasubiri ajinasue, anasubiri tena, filimbi. Kama wewe ni mtu wa kutafuta pasi nzuri zaidi kila mara, WA itakufunza adabu. Anayefaa ni yule ambaye amekwisha kuamua kabla hajaudaka mpira, na hajali kwamba jina litakalotajwa ni la mfungaji.

Na WD. Hiki ndicho kizibao ambacho makocha humpa mtu wasiyejua wampeleke wapi, na wanakosea. WD hafungi, haingii duara, na katika mchezo wa watano kila upande, ule wa Fast5, mawinga wamefutwa kabisa, jambo ambalo mimi binafsi sijalisamehe. Lakini simama pembeni uwatazame WD na WA pale ukingoni mwa duara. WA anataka mahali pamoja tu, kilele cha duara, kwa kuwa kutoka pale anawaona wafungaji wote wawili. WD akifika mahali hapo kabla yake na kusimama tu, mikono chini, bila kumgusa, WA anasukumwa pembeni na pasi yake inakuwa ndefu na ya upande mmoja. GD anaikata. Watu wanampigia GD makofi.

Filimbi za WD ni chache, kwa kuwa hana duara la kulinda na nusu ya kazi yake ni kuwahi mahali. Ni nafasi ya mtu mtulivu, mwenye miguu ya pembeni, asiyehitaji kutajwa. Mfupi anaiweza. Mrefu pia anaiweza, ingawa hakuna kocha atakayemruhusu.

Jinsi ya kuamua bila kubahatisha

Chezeni mechi ya mazoezi ya robo nne, na kila robo vaa herufi tofauti: moja ya ushambuliaji, moja ya katikati, mbili za ulinzi. Mwombe aliyekaa nje asihesabu magoli yako. Ahesabu filimbi zako, na aandike ni za kosa gani. Filimbi za hatua zinaondoka kwa mazoezi ya wiki chache, zisikutishe. Za kuotea zinaondoka ukishazoea mistari. Za kugusana na za mita 0.9 ndizo zinazosema tabia yako, na hizo hubadilika polepole sana.

Nilipofanyiwa hesabu hiyo, GK nilipata filimbi sita, tano kati yake ni za mikono. GD nne. WA mbili, zote za sekunde 3. WD moja tu, ya kuotea: GD wetu alikuwa ameikata pasi, nami nikaingia duarani kumkumbatia mpira ukiwa bado unachezwa.